Risasi Mdomoni mwa Shomari

Mdogo wangu Shomari alikuwa fundi wa magobole hapa Gongoni, enzi za Mwingereza, na wawindaji walimfuata kutoka hata Igalula. Aliyeyusha madini ya risasi kikaangoni, akayamimina kwenye kalibu, na vidonge vilipopoa akavijaza mdomoni, akitema kimoja kimoja na kukipiga tupa. "Toa huo uchafu mdomoni!" nilimfokea kila siku. Alinijibu kwa nyusi tu, mjeuri yule.

Mkewe Batuli alimaliza mwaka wa sita bila mimba. Wazee wetu wakakata shauri: Ramadhani ikiisha na Mfunguo Mosi ukiandama, aachwe, arudi kwao Isevya. Nami nilikuwa mstari wa mbele kumsema, nisiwadanganye. Alikuwa amekunywa mizizi ya kila mganga, masikini, mpaka tumbo halishiki chakula.

Katikati ya Ramadhani Shomari akashikwa na msokoto wa tumbo, nikampeleka hospitali. Dresa mmoja, Justus, akamfunua mdomo, akaona mstari wa buluu kwenye ufizi.

"Bwana Shomari, una watoto?"

"Sina."

"Risasi imekuingia mwilini. Inaua mbegu za mwanamume. Ukiacha kuitia mdomoni na kuvuta moshi wake, huenda ukapata mtoto, lakini siwezi kukuahidi."

Lo! Tulipofika uani Shomari akanishika mikono yote miwili.

"Dada, usimwambie mtu. Wakijua, nitakaa wapi mimi? Barazani wataniita nani?"

Nikaogopa. Niliogopa kicheko cha watu wa Gongoni, niliogopea jina la marehemu baba, nikaapa.

Siku ilipofika, wazee walijaa sebuleni. Nilisimama nyuma ya pazia, nikimwomba Mungu ampe mdogo wangu ulimi wa kusema kweli, na papo hapo nikiomba asiseme. Shomari alitazama mkeka tu. Mwishowe akatoa talaka kwa sauti ndogo, mpaka mjomba akamwamuru arudie.

Batuli akatoka na kikasha chake cha nguo. Mlangoni akanikumbatia, mimi niliyemwita tasa mbele ya mashoga zake.

"Wifi," akasema, "niombee nipone."

Nikaitikia amina.