Kaburi la Ng'ombe wa Luhaga

Salu hakuwa mtu wa kupendeka, na hakujisingizia. Ukimsalimu vibaya alikujibu vibaya zaidi. Ukimsalimu vizuri alikutazama kwanza, kama mnunuzi anayeikagua pamba anayoshuku imetiwa maji. Kijijini kwao, ng'ambo kidogo ya Dutwa, watu walishazoea kumpita kimya.

Uadui ulianza zamani, Salu angali na meno yote na mume hai. Maksai wao wa kulimia alianguka asubuhi akitoka zizini, damu nyeusi isiyoganda ikimchuruzika puani. Majirani wakaja na visu na sufuria, kwa kuwa ng'ombe akifa nyama ni ya wote. Wakamkuta Luhaga, mumewe, amesimama mbele ya mzoga na jembe mkononi. Bwana mifugo alikuwa amemwonya kwamba ng'ombe wa kufa hivyo hachunwi wala hapasuliwi kwa kisu, anazikwa mzima. Akamzika nyuma ya boma, kando ya korongo, akichimba peke yake huku majirani wakimtazama na sufuria zao tupu.

Hawakumsamehe. Walisema amemzika ng'ombe kama mjomba wake. Msimu wa ngoma wakamtungia wimbo, na watoto wa Salu wakausikia njiani kwenda shule mpaka wakakua wakahamia Mwanza. Hata Luhaga alipokufa, waombolezaji wakiwa wachache, mtu mmoja alisema kando ya kaburi bila kupunguza sauti, "Leo naye nyama yake haigawiwi." Salu aliyasikia. Aliyasikia kila siku tangu hapo.

Kisha kijiji kikataka darasa jipya. Mayunga, mwenyekiti wa kitongoji, akaja na vijana na majembe nyuma ya boma la Salu, maana udongo wa mfinyanzi wa pale ulifaa kwa tofali.

"Hapo msichimbe," Salu akawaambia. "Pana kaburi."

"La nani, mayu?" Mayunga akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Unajua la nani."

Vijana wakaangua kicheko. "Tutamsomea misa!"

"Mzee wako alitunyima nyama," Mayunga akasema, "na wewe utunyime udongo?"

Wakachimba. Mifupa ilipotokea waliitupa huko wakiimba ule wimbo wa zamani. Mvua ziliponyesha shimo likawa bwawa, na ng'ombe wa Mayunga, ambao malisho yao yalikuwa karibu, wakawa wa kwanza kunywa humo.

Walianza kufa mmoja mmoja, na damu nyeusi puani. Joyness, mke wa Mayunga, alisaidia kumchuna mmoja. Akatokwa na kidonda cheusi mkononi, akalazwa Bariadi. Hakuna aliyekumbuka shimo. Walimkumbuka kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakatangaza kwamba ikithibitika ni yeye aliyewaroga, atatengwa: hatasalimiwa, hatapewa moto, hatateka kisimani, mahindi yake hayatasagwa mashineni, mpaka aondoke mwenyewe. Wangemtenga siku ileile, ila watu wa mifugo walisema wangoje majibu ya maabara.

Maabara ilikuja kwa umbo la Specioza, mtafiti mwenye buti za mpira na mifuko midogo ya plastiki. Salu alimkuta ameinama kando ya bwawa akichota tope.

"Umetumwa kuchukua udongo wa nyayo zangu?"

"Hapana, mayu. Natafuta bakteria wa kimeta. Ni mdogo, haonekani kwa macho."

"Mchawi naye haonekani."

Specioza akanyooka mgongo. "Huyu akiwa ndani ya mnyama anakula na kuzaana. Damu ikimwagika nje akakutana na hewa, anajivika ganda gumu na kulala udongoni. Anaweza kulala miaka mingi kuliko umri wa mtu. Hali, hazai. Anangoja tu."

"Na ukimpata utajuaje kuwa ndiye aliyeua?"

"Ana vinasaba, maandishi ya uzao wake. Nitasoma vya aliyekuwa kwenye damu ya ng'ombe, nisome na vya aliyemo humu, nilinganishe."

"Ukikuta ni wa hapa kwangu?"

Specioza akaufunga mfuko wa tope. "Nitasema nilichokikuta."

"Basi umekuja kunizika," Salu akasema, akamgeuzia mgongo.

Kikao kilifanyika ndani ya darasa jipya. Salu alikaa peke yake kwenye dawati la mbele. Waliochelewa walisimama ukutani badala ya kukaa karibu naye. Specioza akasoma majibu: bakteria waliowaua ng'ombe wa Mayunga walikuwa wa uzao mmoja na wale wa shimoni, nyuma ya boma la mama huyu.

Chumba kikalipuka.

"Mmesikia? Kwake!"

"Atoke! Atoke leo!"

Mayunga alishasimama. "Tulisema sisi mkatuita washamba. Sasa hata wasomi wamesema!"

"Sijamaliza!" Specioza alipaza sauti, ikamezwa na miluzi.

Salu akainuka taratibu akishika ukingo wa dawati. Labda walidhani anaondoka, maana walinyamaza kumpisha. Hakuelekea mlangoni.

"We binti," akamwambia mtafiti, "waambie hao wadudu walikuwemo humo tangu lini."

"Tangu yule ng'ombe alipozikwa, kwa ninavyoona. Damu ya puani ilitosha kuwaacha udongoni. Lakini aliyezikwa bila kupasuliwa, bakteria wengi humfia ndani kwa kukosa hewa. Angechunwa, wangezagaa kijiji kizima. Mngewala."

"Na nani aliwaamsha?"

Specioza aliwatazama watu, kisha akaitazama sakafu. "Aliyechimba."

Hapo ndipo macho yalipoanza kupanda ukutani, tofali baada ya tofali. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake mbali na ukuta.

"Tofali hizi zimechomwa," Specioza akasema haraka. "Moto unawaua. Shimo ndilo la kuogopa."

Kiongozi wa sungusungu akakohoa, akasema kikao kimefungwa. Hakuna aliyeomba radhi. Walitoka wakisukumana, na mlangoni mtu akasema bado yule bibi hana heri. Sauti haikuwa na nguvu kama ya zamani.

Kesho yake Mayunga alikuja na mkokoteni wa miiba kulizungushia shimo uzio. Alisimama mbali na mlango wa Salu.

"Watu wa mifugo wanauliza kama kuna kwingine mzee wako alikozika."

Salu aliendelea kuchambua mchicha.

"Nimeuliza."

"Kwenu hawasalimii?"

Mayunga akatazama kulia na kushoto, kama anayehofia kuonekana. "Mwangaluka, mayu," akasema, akiielekeza salamu kwenye miiba.

"Mwangaluka. Alimzika mmoja tu. Mngemwacha alale."

Mayunga akaenda shimoni. Alifanya kazi hadi jua likawa la utosini, akichomwa na miiba mikononi, kila mara akigeuka kuutazama mtungi wa maji uliokaa mlangoni kwa Salu, na kata juu yake. Salu alimwona akigeuka. Hakumkaribisha.