Hatua Sabini za Migato

Niliondoka Bariadi kwa sababu ya ekari moja. Ni fungu la marehemu baba kule Migato. Baba mkubwa alikuwa ametuma ujumbe kwamba Jumamosi shamba la babu linagawanywa, kila upande upate ekari yake. Mama ni fundi cherehani, na siku hiyo alikuwa na sare za kwaya za kumalizia. Akanituma mimi, Kija wa kidato cha tatu, ambaye hata darasani nikijua jibu sinyooshi mkono.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlangoni. Mama alivua tepu yake shingoni akaitia mkobani mwangu. "Wakipima ovyo, itoe. Na usikae kimya kama kawaida yako."

Saa mbili, Lagangabilili. Hapo nilipanda bodaboda. Nikamuuliza dereva kama Migato ni mbali.

"Hapo tu, dada. Pipi moja ukiimung'unya taratibu, umefika."

Pipi niliimaliza, nikakaa karibu nusu saa nyingine nikimeza vumbi. Pamba ilikwisha kuchumwa, mashamba yote yamebaki na vijiti vikavu.

Saa tatu, shambani. Nikaamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, bamkubwa."

"Mwangaluka, mayu. Umekua, ila kwenda juu umegoma!"

Wakacheka. Bamkubwa ni mrefu, mlango wa nyumba yake mwenyewe anauinamia. Alikuwa na mwanae Shija, na mwenyekiti wa kitongoji aliyeshika daftari.

Kule ekari ni hatua sabini kwa sabini. Bamkubwa alianza na yake. Alirusha miguu kama mtu anayevuka mitaro, na Shija nyuma yake akichomeka mche wa mnyaa wa kuonyesha mpaka kila kona. Ikafika zamu yetu. Nilidhani ataendelea yeye.

"Hapana," akasema. "Hii ya marehemu apime binti yake. Kesho mtu asije akasema nimemdhulumu mjane."

Mwenyekiti akasema hiyo ni busara. Na mimi, nasema ukweli, nilijisikia mtu mzima. Shuleni tumefundishwa ekari ni mita za mraba elfu nne na kidogo, na tepu nilikuwa nayo. Nilitaka kusema: mwenyekiti, tupime kwanza urefu wa hatua. Niliipanga sentensi nzima kichwani. Nilipofika hatua ya tano Shija akapaza sauti, "Mbona unatembea kama bibi harusi? Zulia liko wapi?"

Wote wakacheka, hata mwenyekiti. Sketi ilikuwa inabana. Nikaona aibu, nikazidi kufupisha hatua, macho chini, nikahesabu hadi sabini. Nikakata kona, nikahesabu tena. Kipande kilichobaki nje ya minyaa yetu, bamkubwa akasema kwa kuwa hakina mwenyewe, Shija atakilima.

Saa sita mchana. Mwenyekiti aliandika: "Amepima binti wa marehemu mwenyewe." Akanipa kalamu, nikasaini. Bamkubwa akanipakulia ugali na maziwa ya mgando, akanihimiza nishibe, akanituma salamu kwa mama.

Saa kumi na moja jioni, Bariadi. Mama aliuliza nani alipima. Nikamwambia. Akaacha kushona.

"Hebu tembea."

Nikatembea kwenye sakafu ya chumba cha kushonea. Akapiga magoti, akapima kutoka kisigino hadi kisigino. Sentimita sitini. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari: mita arobaini na mbili kwa arobaini na mbili. Haifiki hata nusu ekari.

"Turudi mama, tukawaambie."

"Tukawaambie nini? Umepima wewe, umesaini wewe."

Hakunigombeza. Afadhali angenigomba. Aliniambia nivue ile sketi, ambayo mwezi uliopita nilimsumbua mpaka akaibana, akawasha taa akaanza kuifumua pembeni, mshono mmoja mmoja.

Kwamba hatua za watu hazilingani, nilikuwa nalijua kabla sijaondoka. Nililojifunza Migato ni kwamba bamkubwa naye alikuwa analijua, na alijua pia kwamba mimi sitasema.