Mji Niliojenga Asiishi Mtu

Siku ya kwanza pale kambini, nje kidogo ya Dar, nilidhani nimekosea geti. Mie nilizoea kujenga vyumba vya kupanga Manzese, na Kapteni, msimamizi wa ujenzi, ananipa ramani ya mtaa mzima usio na choo hata kimoja.

"Ni mtaa wa mazoezi, fundi. Askari wajifunze kupigana mjini. Haishi mtu humu."

Sijui kama naeleza vizuri, shule niliishia darasa la saba. Kuta zilikuwa tofali za inchi sita, bila lipu. Madirisha matundu tu. Juu, badala ya paa, tuliweka njia ya mbao ili wakufunzi watembee wakiwatazama askari vyumbani.

Kosa ni langu. Kuvuta kamba ya vipimo nilivuta, ila mkono ukafuata mazoea ya Manzese. Nyumba ya nne ikasogelea ya tano, kikabaki kichochoro cha kupita kiubavu. Ya sita ikapata mlango wa uani unaotokea kwa jirani.

Kapteni akaja kupima. "Mzee Salumu, barabara yangu ya mita nne iko wapi?"

"Imeliwa na nyumba, afande."

"Nani kailisha?"

Fundi mwenzangu Hamisi, mtu wa Masasi, akacheka kwa pua. Kapteni hakucheka. "Jumatatu mnabomoa. Kisha wewe mzee ukatafute kazi kwingine."

Nisimseme vibaya, ramani ilikuwa sahihi. Mie ndiye niliyepinda.

Lakini Jumamosi zoezi lilishapangwa, askari wakaingia hivyo hivyo. Platuni nzima, watu kama thelathini, imeikariri ramani, "maadui" ni wanne tu. Wale wanne wakazama nyumba ya sita, wakatokea kwa jirani, wakapita kichochoroni, wakawafikia wenzao mgongoni na kuwagusa mabega.

"Umekufa, braza. Kaa chini."

"Nimekufaje, we umetokea wapi?"

"Marehemu haulizi."

Wakakaa vumbini wote. Kule juu Kapteni kashika ukingo, anatetemeka kwa kicheko. Alipoteremka akaniambia, "Jumatatu hubomoi. Unaendelea, hivi hivi."

Nikamwambia ukweli: kichochoro changu, mlango ni wazo la Hamisi. Akatubakiza wote wawili.

Baadaye Meja mmoja alituita tukajenge mitaa mingine miwili, mpaka magoti yakanistaafisha. Nilikuwaga naona haya kwamba kule jeshini sikujenga nyumba iliyolaliwa. Siku hizi sioni. Kwenye mitaa yangu watu walikufa asubuhi, na saa saba wote walikuwa kwenye foleni ya ubwabwa, wanabishana nani aliuawa kwanza.