Mlima wa Plasta

Nyuma ya kliniki ya meno, ukipita mlango ulioandikwa "Wahusika Tu", kulikuwa na chumba chembamba chenye dirisha moja. Ndani ya chumba hicho mtu mmoja alikuwa amekaa miaka kumi na tisa akiwatengenezea wenzake vinywa. Kazini aliitwa Fundi. Nyumbani aliitwa Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili waliokuwa shule ya bweni. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mtaratibu, wa maneno machache, mtu ambaye majirani wakigombana humwita akae katikati. Kwa kumtazama usingedhani ana la kuficha. Alikuwa nalo, na kimo chake hakikuzidi kidole gumba.

Lilianza siku Mwalimu wa jiografia alipokuja kurekebishiwa jino la kuvaa. Akiwa anasubiri, alitoa mfukoni kikopo cha dawa, akakifungua, akamwaga kiganjani farasi mdogo wa plastiki na mpanda farasi wake. Mguu mmoja wa farasi ulikuwa umekatika.

"Fundi, na hiki utakiweza?"

"Cha mwanao?"

"Changu," alisema Mwalimu bila kupepesa macho. "Jumamosi alianguka kutoka mezani. Vita vilikuwa vikali."

Fundi alitazama pembeni, akaona haya kwa niaba yake. Mtu mwenye mvi na chaki mikononi! Lakini mkono wa fundi hauna haya. Aliuunga ule mguu kwa tone la utomvu wa kutengenezea fizi za bandia, na kwa kuwa utomvu ule ni wa waridi, akachukua brashi yake nyembamba kuliko zote akaupaka rangi ya farasi. Akaona koti la mpanda farasi limechubuka, akaligusa kidogo. Kisha kola. Kisha vifungo, kimoja kimoja, huku amebana pumzi. Alipoinua kichwa, saa nzima ilikuwa imepita, na moyo wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini.

Jumamosi ile alikwenda kuangalia tu. Juu ya duka la karatasi na kalamu kulikuwa na chumba kilichojaa meza moja kubwa, na juu ya meza kulikuwa na nchi nzima: mashamba ya kitambaa, mto wa rangi, nyumba za makaratasi, na majeshi mawili yakitazamana. Watu wazima watano waliizunguka wakiwa na utepe wa kupimia na dadu. Unasogeza kikosi chako kwa kadiri ya vipimo, unarusha dadu kujua nani kaanguka, kisha unampisha mwenzio afanye zamu yake. Ndiyo hivyo tu. Fundi alisimama akitazama mpaka jua likahama dirishani. Jumamosi iliyofuata alikuwa na kikosi.

Nyumbani alisema, "Siku hizi Jumamosi kuna kazi za dharura."

Mama Pacha, mkewe, alimhurumia. Kila Jumamosi alimjazia chupa ya chai, na kwa majirani alimsema kwa fahari: "Wangu mimi hana mapumziko. Meno ya watu yanamuua." Fundi akisikia hayo alishika njia ameinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Miezi saba ilipita hivyo. Mara nyingi alikusudia kusema, lakini ulimi uligoma. Angesemaje? Kwamba anacheza? Uso umeumbwa na haya, na wake uliumbwa na kipimo cha ziada.

Sasa, katika kazi ya meno, kipimo cha kinywa hugeuzwa kuwa sanamu ya plasta, taya la juu na taya la chini, na juu ya sanamu hiyo ndipo meno hujengwa. Mgonjwa akishachukua meno yake, sanamu hutupwa kwenye ndoo chini ya meza. Fundi alikuwa ameona kitu ambacho mwingine asingekiona: taya la plasta, ukilimwagia gundi, ukalinyunyizia mchanga na kulipaka rangi ya kijani, linakuwa mlima. Wenzake wa Jumamosi walishangilia milima yake. Ila mataya mengi ya ndooni yalikuwa bado na meno mawili matatu, na mlima wenye magego hauaminiki. Taya linalofanya mlima mzuri ni lile lisilo na jino hata moja, lenye ukingo mrefu ulioteremka polepole.

Katika wiki hizo mama mkwe wake alikuja kukaa kwao. Miaka thelathini alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa. Kwa sauti yake watu waliunganishwa na habari njema na mbaya. Sasa meno yote yalikuwa yamekwisha, na maneno yalimtoka yameloa. Kitinda mimba wake, aliyekuwa ughaibuni miaka kumi na mmoja, alikuwa anarudi Jumapili ya wiki ya pili. Kwenye simu kijana alikuwa amemuuliza, "Mama, mbona unaongea hivyo?"

"Mtandao, mwanangu," alijibu. "Mtandao mbaya."

Hakutaka mwanawe amkute hivyo. Ndilo jambo moja alilomwomba mkwewe, na aliliomba akitazama ukuta.

Jumatano Daktari alimchukua kipimo. Sahani ya chuma yenye uji wa kupimia, unaoganda na alama za fizi, ilipoingia kinywani, Mama alichefuka, akashika mikono ya kiti, machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Ilipotolewa alisema, "Daktari, mara moja tu. Ya pili mtanizika nayo." Fundi alimimina plasta siku ileile, na mataya yote mawili yalipokauka akayaweka kwenye rafu juu ya sinki, kati ya kazi za wagonjwa wengine.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, alitafuta mlima. Mwalimu alikuwa ameahidi vita vikubwa vya kugombea kilima. Fundi alipekua ndoo yote: magego, magego, magego. Akainua macho. Kwenye rafu lilikuwepo taya zuri ajabu, ukingo umepinda kama mwezi mchanga, na pembeni mwenzake wa juu, bonde kamili la kufichia askari. Kwa desturi, fundi hagusi sanamu bila kuigeuza na kusoma jina chini yake. Siku ile hakugeuza. Tamaa ilikuwa imekwisha kutangulia mikono. Alisugua ukingo kwa tupa ili askari wapate pa kusimama, akapaka gundi, akamwaga mchanga, akabandika yote mawili kwenye ubao. Jumamosi aliulinda mlima ule kwa zamu tisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akashinda. Alipiga kelele kama mtu aliyepata mtoto.

Jumatatu asubuhi alinyoosha mkono kwenye rafu kuchukua kazi ya mama mkwe wake. Mkono ulirudi mtupu.

Alitafuta juu, akatafuta chini, huku tayari anajua. Alikwenda mbio kwenye chumba cha juu ya duka, akakuta mlima umetulia mezani na majani yake ya sufi. Hakuna maji wala kisu cha kuurudisha kuwa kinywa. Na kile kipimo chenyewe, ule uji ulioganda, hunywea kwa siku moja. Kilikuwa jalalani tangu Alhamisi.

"Imepasuka," alimwambia Daktari. "Plasta ilikuwa na kiputo."

Daktari alimtazama juu ya miwani. "Miaka kumi na tisa sijaona imepasuka kwako."

"Imepasuka."

Jumanne Mama alirudishwa kitini. Fundi alisimama nyuma ya mlango wake akisikiliza. Alisikia kuchefuka, akasikia Daktari akisema, "Vuta pumzi puani, Mama, puani," akasikia beseni. Halafu sauti iliyoloa: "Mwambieni Baba Pacha asijisikie vibaya. Kinywa changu kina kisirani, hata plasta imekikataa."

Alifanya kazi siku mbili bila kuinua kichwa. Alhamisi mchana Mama aliletwa chumbani kwake kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta. Nyumbani Fundi hakuwahi kumtazama mdomoni, ni mkwewe. Hapa ilimbidi. Aliyaweka meno taratibu, akampa kioo. Mama alijitazama kwa muda. Akakohoa, akanyoosha mgongo, na ghafla chumba kikajaa sauti safi kama kengele:

"Habari za asubuhi. Nikuunganishe na nani?"

Akacheka kidogo. Kisha akamgeukia mkwewe. "Asante, mwanangu. Na unisamehe kwa usumbufu. Nimekufanyisha kazi mara mbili kwa ubovu wa kinywa changu."

"Mama," alisema Fundi, na akaketi. "Haikupasuka."

Mama aliyatoa meno ya nta, akayalaza kwenye kisahani, akasubiri kama alivyosubiri watu kwenye simu miaka thelathini. Na Fundi akasema yote: kikopo cha Mwalimu, dadu, rafu, tupa, gundi. Aliyasema akiangalia vidole vyake.

"Ngoja nielewe," alisema Mama. "Mmecheza juu ya taya langu."

"Ndiyo, Mama."

"Watu wazima."

"Ndiyo."

"Wenye ndevu?"

"Wawili wana ndevu."

Mama alitazama dirishani. "Jumanne nilidhani nakufa pale kitini. Nilijilaumu. Usiku kucha nikajiuliza nimemkosea nani mpaka hata mdomo unikatae."

Fundi alitamani atukanwe, apigwe hata kofi, lakini yule mama alikaa tu, mikono mapajani.

"Mwenzio anajua unakokwenda Jumamosi?"

"Anajua niko kazini."

"Basi la taya ni langu, nimekusamehe," alisema Mama, akisimama. "Hilo la Jumamosi si langu kulisamehe. Na ukimwambia, usinifanye mimi ndiye niliyekutuma."

Jioni, nyumbani, Fundi alimkuta Mama Pacha anapiga pasi mashuka ya kitanda atakacholalia mdogo wake anayetoka ughaibuni. Fundi alisimama mlangoni na mkoba begani kama mgeni.

"Jumamosi huwa siendi kazini."

Pasi ilisimama. Alieleza. Mama Pacha alisikiliza akiwa amekunja uso kama anayesikiliza lugha asiyoijua.

"Askari wa kuchezea."

"Tunawapaka rangi wenyewe."

"Na ile chai?"

"Tulikunywa."

"Tulikunywa! Mko wangapi?"

"Sita."

"Ndiyo maana chupa ilikuwa ikirudi kavu, nami nasema maskini, koo lake, lile vumbi la plasta." Alicheka cheko fupi lisilo na furaha. "Nimekusifia mtaa mzima, Baba Pacha. Nimekusifia kwa mama yangu. Ningejua unacheza ningesema unacheza. Kwani kucheza ni kuiba? Wewe ndiye uliyegeuza mchezo kuwa wizi."

Maneno hayo yalimwingia kuliko tusi. Ndipo akamwambia na la mlima, kwa sababu alijua asipolisema sasa hatalisema tena. Mama Pacha aliisimamisha pasi wima, taratibu mno.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Nini?"

"Mdomo wa mama yangu."

"Uko mezani kule."

"Bado wanauchezea?"

"Jumamosi... kuna vita vya marudiano."

Mama Pacha hakusema naye tena siku ile, wala Ijumaa, isipokuwa yale ya chumvi na ufunguo.

Jumamosi Fundi alikuwa kazini kweli. Alipika meno ya Mama kwenye maji ya moto ili fizi zake zigande, akayasugua, akayang'arisha mpaka yakashika mwanga wa dirisha. Saa saba mkewe alitokea mlangoni. Hakuwa na chupa ya chai. Aliketi kwenye stuli akamtazama akimaliza, akayapokea meno ya mama yake ndani ya kisanduku, akakitia mkobani.

"Sasa twende huko," alisema.

Ngazi za duka la karatasi zilikuwa kumi na nne. Fundi hakuwahi kuziona ndefu vile. Juu, kelele zilikuwa zimepamba moto. Mwalimu alikuwa amelala nusu juu ya meza, utepe mkononi.

"Fundi! Umechelewa, nimekwisha kuuteka mlima wako!" Akamwona mwanamke aliye nyuma. "Oh, shemeji, karibu sana."

Shemeji hakukaribia. Alibaki kizingitini, mkoba ameubana kifuani.

"Jamani," alisema Fundi, "naomba muondoe askari mlimani."

"Wote? Nimepigania zamu sita!"

"Wote. Nauchukua."

"Una nini leo?"

Angeweza kusema umelegea, unahitaji gundi. Uongo ulikuwa pale pale, laini, tayari kinywani. Aliumeza.

"Huo mlima ni kinywa cha mama mkwe wangu. Niliuchukua rafuni bila kuangalia jina. Amechukuliwa kipimo mara mbili kwa sababu yangu, na mara ya pili ametapika."

Mmoja alianza kucheka, akakutana na macho ya mwanamke wa mlangoni, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwalimu alijiinua kutoka mezani. Kisha wale watu wazima, wenye ndevu na wasio nazo, wakainama wakaanza kuwaondoa askari mmoja mmoja kwa ncha za vidole, kwa uangalifu kama watu wanaotoa miiba. Fundi alisimama katikati yao masikio yakimwaka moto.

Alipouinua ubao, Mama Pacha alisogea, akaangalia ndani ya lile bonde, mahali palipokuwa kaakaa.

"Bado kuna mmoja," alisema.

Alikuwa mshika bendera, mdogo, koti lake jekundu limepakwa kwa wiki tatu, mpaka mshono wa mkono ulionekana. Mama Pacha alimtoa kwa vidole viwili, akamgeuza mwangani.

"Wa nani huyu?"

"Wangu," alisema Fundi, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyokusudia.