Neno nililolichonga kwenye meza ya Mama Zawadi

Naandika haya kwa sababu sijamshukuru vya kutosha. Nilipoanza kujifunza kuchonga vibao kwa mashini ndogo inayoongozwa na kompyuta, jirani yangu hapa Masisi, Mama Zawadi, alinipa meza yake ya kulia chakula, mle nyumbani kwake, nifungie mashini juu yake. Aliachiwa meza ile na marehemu bwana yake.

Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha shule: CHOO. Nilisahau kupima unene wa ubao. Unga mweupe wa ubao ukageuka mwekundu, nami nikajisifu kwamba ubao wangu una moyo mwekundu mzuri. Nilipokiinua kibao, herufi zilikuwa zimetoboka hadi chini, na neno lilikuwa limechongeka mezani, kwenye mbao yake nyekundu. Nikatandika kitambaa juu ya neno hilo.

Jumapili Mama Zawadi alimwalika pasta wa kanisa kula, na mimi pia. Mchuzi wa maharage ukamwagika, akakitoa kitambaa. Pasta akasoma kwa sauti.

“Nisamehe, Mama. Ni mimi,” nikasema.

Mama Zawadi akapitisha kidole kwenye herufi polepole, kisha akacheka mpaka machozi.

“Maandishi iko muzuri, mutoto wangu. Mashini itabakia hapa. Kesho utaandika jina ya Papa, bwana yangu, pale pembeni, lakini upime kwanza.”

Nikamwambia aksanti, nikashindwa kuinua macho.