Bastola Iliyonikubali Mimi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa ya jua la Lodwar, lile la saa sita linalokunyima hata kivuli chako. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa silaha katika kituo cha polisi, na nilijiona najua kila kitu kilichotengenezwa kwa chuma. Usicheke. Hata wewe unajiona hivyo ukishika simu yako.

Kazi yangu ilikuwa kukagua. Raia akipewa leseni ya bastola, bastola hiyo ilipita kwanza mikononi mwangu. Niliifungua, nikaipima, nikaenda nayo laga, yaani ule mto mkavu nje ya mji, nikaipiga kwenye ukingo wa udongo. Kisha niliandika kitabuni: inafaa, au haifai, na sahihi yangu chini. Watu walitembea na neno langu kiunoni, nami nilipenda sana jambo hilo.

Siku hiyo iliingia bastola mpya ya Lokwawi. Lokwawi alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, akiwapeleka Kakuma kwa lori kuwauza karibu na kambi ya wakimbizi. Zamani, alipokuwa akilinda mifugo upande wa Kainuk, alipigwa risasi ya mkono wa kulia, akapoteza kidole cha pete na kile kidogo, lakini hakuacha ng'ombe hata mmoja wa jirani zake achukuliwe. Mji mzima ulijua habari hiyo. Ukitaka kumsifu mtu kwa ujasiri, ulimtaja yeye. Bastola za kawaida zilimteleza, kwa hiyo alimwendea fundi mmoja Nairobi, akanunua bastola ya kiwandani, ikamaliziwa kwa mkono. Mpini ulichongwa upya ufuate vidole vyake vitatu, na ndani ikawekwa springi nyingine, ngumu zaidi.

Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kile kifuniko cha juu, kinachorudi nyuma kila unapofyatua, kilikwenda na kurudi bila kukwaruza. Nilipiga risasi hamsini. Matundu yote yangefunikwa na kikombe cha chai. Nikaitupa mchangani makusudi, nikaikung'uta, nikapiga hamsini nyingine. Haikukwama hata mara moja, na nilianza kuiongelesha kama mtu anavyomwongelesha ngamia wake.

Mzee Ekai, aliyenifundisha kazi hiyo, alikuwa ameketi juu ya debe akitafuna tumbaku. Alingoja nimalize.

“Hii bunduki umepima na mkono ya nani?”

“Yangu, mzee.”

“Na itashikwa na mkono ya nani?”

Nikamwambia chuma ni chuma, hakijui mkono. Mzee akatema tumbaku. “Ngoja Lokwawi akuje. Apige yeye, wewe uangalie. Kama hutaki kungoja, basi andika mkono. Andika hivi: inafaa kwa mkono yangu.”

Mwanangu, nilicheka. Nilicheka mbele ya mtu mzima, tena mwalimu wangu. Kungoja kulikuwa siku mbili tu, maana Lokwawi alikuwa Kaaleng kununua mbuzi. Lakini nilikuwa nimeshavimba kichwa, na kuandika neno “mkono” kitabuni niliona ni ushamba. Nikaandika: inafaa. Lokwawi alipokuja kuichukua alinisalimu kwa Kiturkana, akaniuliza swali moja tu.

“Ejok, kijana. Iko sawa?”

“Iko sawa kabisa,” nikamjibu, na akaniamini.

Siku ya nne baada ya kuichukua walivamiwa. Ilikuwa mchana, karibu na kilima cha Pelekech, kabla ya kufika Kakuma. Katika lori walikuwa watatu: Lokwawi, shemeji yake Ewoi ambaye ni kaka wa mkewe, na dereva, mkimbizi kutoka Kongo. Majangili walitokea kwenye miiba. Lokwawi alishuka na bastola yake akasimama mbele ya shemeji yake. Ulisikika mlio wake mmoja. Kisha hakuna tena. Waliuawa wote wawili palepale, mbuzi wakaenda, na dereva akapona kwa sababu alikuwa amelala chini ya lori.

Dereva yule ndiye aliyeleta bastola kituoni, imefungwa kwenye leso. Alikuwa ameiokota mchangani, na kwa woga wake aliikung'uta, akaivuta na kuisukuma mpaka ikajifunga. Kwa hiyo kama kulikuwa na kitu kimekwama humo ndani, kilikuwa kimeshadondoka Pelekech.

“Shefu,” aliniambia, “alikuwa anapigana nayo. Alivuta, alivuta. Ile bunduki ilimukatala.”

Neno hilo, kwamba bastola ilimkataa, lilinisimamisha nywele. Lakini badala ya kuliuliza, nililikasirikia. Niliibeba bastola mpaka laga, nikapiga risasi hamsini, na zote zikatoka. Nikarudi ofisini, ambako mkuu wa kituo alikuwa ameketi na wazee wa pande zote mbili, wa Lokwawi na wa shemeji yake, na Akiru, mjane wa Lokwawi, alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema kwa sauti kubwa, “Bastola haina kosa lolote.”

Unaelewa nilichokifanya? Kama bastola haikuwa na kosa, basi kosa lilikuwa la mtu. Kabla jua halijazama mji ulikuwa umeshasema: Lokwawi aligandishwa na woga, akamwacha shemeji yake afe ilhali bastola ilikuwa na risasi tele. Ukoo wa Akiru ulikataa kuketi kwenye msiba wa mumewe. Binti yao mdogo alikua akiitwa mtoto wa mwoga, hata shuleni. Yote hayo yalitoka kinywani mwangu na kwenye kitabu changu. Mzee Ekai hakunikemea. Alisema tu, “Sasa umeandika mara mbili,” na mwaka huohuo akastaafu kwenda kwao.

Bastola ilibaki ghalani, haina wa kuidai. Na mimi, mwanangu, nikaanza mchezo wa ajabu. Kila mwaka, tarehe ileile, niliichukua nikaenda laga saa sita mchana. Nilijidanganya kwamba ninaipima. Ukweli ni kwamba nilitaka ikwame. Nilitamani mno ikwame, nipate kulala. Haikukwama. Ilinitii vizuri mno, mpaka nikaanza kuiogopa.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mke wangu tu ndiye niliyemwambia. Ukingo wa pili wa laga ile una mwangwi. Ukipiga bunduki yoyote, mlio unarudi kamili, na ukipiga kumi inarudi kumi. Nikipiga bastola ya Lokwawi, ulirudi wa kwanza tu. Mmoja, kisha kimya. Niliendelea kupiga, risasi zikichimba udongo mbele yangu, lakini ng'ambo hakukuwa na jibu. Upepo wenyewe ulinyamaza. Kimbunga kidogo cha vumbi kilikuwa kikija na mkondo wa mto, kinasimama hatua chache kutoka kwangu, kinazunguka palepale bila kusogea, mpaka niondoke. Unaweza kusema ni joto. Mimi pia nilisema ni joto, mwaka wa kwanza.

Miaka ikapita, nikapanda cheo, mvi zikaingia. Mwaka jana, miezi michache kabla ya kustaafu, nilianguka na bodaboda pale Kakuma nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Walinifunga plasta. Ilipotolewa mkono ulikuwa umenyauka, vidole viwili vya mwisho havikunjiki vizuri, hata kikombe nakishika kwa wasiwasi. Wakati huohuo ikaja amri kwamba silaha za zamani ghalani zikusanywe zikateketezwe. Ya Lokwawi ilikuwa kwenye orodha. Nikaichukua kwa mara ya mwisho.

Laga palikuwa pale pale, na jua lilelile. Nilipouzungusha mkono wangu kwenye mpini, nilishtuka. Miaka yote ule mpini ulikuwa ukinibana kidogo, nikiona ni uchongaji wa mtu mwingine. Siku hiyo ulinikaa kama kiatu changu cha zamani. Vidole vitatu vilipata mahali pake, viwili vikabaki nje havina kazi.

Nikafyatua. Mkono ukaruka na bastola yote. Mwangwi ukarudi, mmoja.

Nikafyatua tena. Hakuna kitu. Nikaangalia: ganda tupu la risasi ya kwanza limebanwa kati ya kifuniko na mtutu, limesimama wima. Nikavuta kwa mkono wa kushoto, likagoma. Nikavuta, nikavuta. Ndipo nilipojiona, mwanangu. Nilikuwa nimesimama mchana kweupe nikipigana na bastola, kama dereva alivyosema, na ng'ambo ya pili kimya kilikuwa kimya kile kile. Safari hii mwangwi na mimi tulikuwa sawasawa, mlio mmoja kwa mmoja.

Kosa lenyewe ni rahisi, na fundi mwanafunzi angeliona. Springi ile ngumu inataka mkono uliosimama imara. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja nao, kifuniko hakifiki mwisho, na ganda halina nafasi ya kutoka. Ilifaa kila mkono isipokuwa ule iliochongewa. Niliketi mchangani nikalia kwa sauti. Nilipoinua kichwa, kimbunga cha vumbi kilikuwa kimefika miguuni pangu, kikanipita polepole, kikaenda zake upande wa Kakuma.

Nilikifuata. Nilimkuta Akiru nyumbani kwake, nje ya mji upande huohuo, mzee sasa, anasuka kikapu cha majani ya mikoma. Nikakaa chini, nikamweleza yote, na mkono wangu mgonjwa nikamwonyesha. Nilipomaliza aliushika mkono ule, akaugeuza.

“Lokwawi anakujanga,” akasema. “Mchana, nikiwa peke yangu. Anasimama hapo kwa mlango. Haongei. Ananionyesha tu mkono, anavuta hivi, anavuta hivi.” Akavuta hewa kwa vidole, vilevile nilivyokuwa nimevuta mimi laga. “Mimi nikasema labda njaa. Nikakuwa namuwekea maziwa.”

Akaweka kikapu chini.

“Hiyo maneno,” akaniambia, “usiachie mimi peke yangu. Sema kwa ndugu zangu. Sema kwa sauti ile ulisema siku ile.”

Nilisema. Waliitwa kaka zake Akiru waliobaki na wazee wa pande zote, akaja pia binti yake, sasa mwalimu na mama wa watoto wawili. Nilisimama mbele yao nikasema Lokwawi hakuogopa, kwamba alikufa akijaribu, na kwamba mwongo alikuwa mimi. Kaka mkubwa alivua kofia yake, akamwendea yule binti, akamwita kwa jina la baba yake. Kisha nikafungua kitabu cha zamani, pale penye neno langu, nikaongeza kwa wino mpya: kwa mkono wangu tu. Bastola iliteketezwa wiki iliyofuata. Tangu siku hiyo Akiru hajamwona tena mlangoni, na anasema maziwa anakunywa mwenyewe. Mimi hupita laga wakati mwingine, nikapiga makofi. Yanarudi yote.

Basi, mwanangu, wewe utakayekagua kitu siku moja, iwe ni breki za pikipiki, dawa au daraja, nisikilize. Usikipime kwa mkono wako wenye afya halafu ukampa mwenye mkono uliokatika. Mwite atakayekitegemea, mpe ashike, nawe ukae kando utazame. Ukiambiwa ungoje siku mbili, ngoja. Na ukishaandika neno lako, akaja mtu mnyonge na neno lake lisilofanana na lako, usikimbilie kulitetea lako. Mwambie aketi, umuulize aliona nini. Mimi sikumuuliza dereva yule, na kimya changu kilimfanya mtu hodari asimame mlangoni kwa mkewe miaka na miaka, akiomba aaminiwe.

Nyosha mikono yako yote miwili niitemee mate kidogo, ndivyo wazee wetu walivyobariki. Akuj, Mungu wetu, akupe mvua penye ukame na njia isiyo na miiba. Ulichosaini kisimsaliti mtu, na ukikosea, uishi vya kutosha kurudi kusema. Vidole vyako kumi viwe salama, na usiwasahau wenye vitatu. Haya, nenda sasa, jua linapanda.