Sahihi ya Mheshimiwa Jael

Mimi si mtu wa kuamini haraka, na sijawahi kuomba msamaha kwa hilo. Madam Amal, ninayemfanyia kazi hapa Al-Safa, Jeddah, akiniambia chai haina sukari, mimi naonja kwanza. Kwa hivyo Priscah aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Riyadh, akisema Mheshimiwa Jael yuko huko, mtaa wa Manfuha, anawatafuta wasichana wa kwetu na kuchukua barua zao, nilizima pasi nikaketi. Niliusikiliza mara tatu. Mwanasiasa apande ndege mpaka Saudia kufuata karatasi za mayaya? Hiyo nilikataa.

Huyo Jael tumemjua tangu zamani. Alikuwa wakili wa mjini kwetu, ofisi yake juu ya duka la mbolea, kazi yake kuandikia watu hati za mashamba. Mwaka wa 2017 akaomba kura, tukampa, akawa mwakilishi wetu wa wadi katika bunge la kaunti. Mdomo alikuwa nao, hiyo sitamnyima. Alipeleka hoja bungeni kwamba kila kijana anayekwenda kufanya kazi Uarabuni apewe barua na mwakilishi wake, yenye muhuri wa kaunti, ikisema anakwenda wapi na kufanya kazi gani, ili akipata shida ajulikane. Ikapita kwa makofi. Siku aliyorudi nyumbani tulimwimbia, na mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Kumbe barua hiyo ndiyo ilitumaliza. Ajenti Bonface, aliyekuwa akitafutia wasichana kazi Uarabuni, kabla ya hapo alikuwa na maneno tu, na wazazi walimuuliza maswali mpaka akatoka jasho. Baada ya hapo akawa na karatasi ya serikali. Baba yangu, ambaye hata mchungaji humuuliza mara mbili, aliona muhuri akanyamaza.

Yangu niliipata mwaka wa 2019. Tulikuwa wasichana kama ishirini ofisini kwa Bonface, basi la Nairobi linanguruma nje, na stima zimepotea. Barua za wenzangu zilikuwa zimechapishwa tayari. Yangu bado. Bonface akafungua droo, akatoa karatasi kutoka kwa rundo, na mimi macho yangu hayakosi kitu: ilikuwa na sahihi ya Jael na muhuri wake chini, lakini katikati hakuna neno. Akachukua kalamu ya kijani, akajaza jina langu, kisha akaandika kwa ule mwandiko wake uliolala: msafishaji, hospitali, Riyadh, masaa nane. Nikamuuliza mbona mheshimiwa ametia sahihi kabla ya kujua ninakwenda wapi. Akacheka, akasema, "Risper, wewe utachelewa basi kwa ajili ya maswali."

Hospitali sikuiona. Niliona nyumba ya watu kumi na mmoja, na kafili, mwajiri aliyenidhamini, aliyefungia pasipoti yangu kabatini. Nilikaa humo miaka miwili, nikapata kuhamishiwa Jeddah kwa madam Amal, ambaye ana kelele lakini ni mtu. Barua ile niliitunza kuliko ikama yangu, kibali cha kuishi huku. Niliiweka chini ya kitambaa cha ubao wa pasi, mahali ambapo katika nyumba hii hakuna mkono mwingine unaofika.

Jael alishindwa uchaguzi wa 2022. Mwaka uliofuata tukasikia ameajiriwa na serikali kuwa mwendesha mashtaka. Nilicheka peke yangu jikoni. Yaani aliyetutilia sahihi sasa ndiye wa kushtaki watu. Halafu Bonface akakamatwa, faili yake ikaangukia ofisi ile ile ya Jael, na sasa Jael yuko Manfuha.

"Barua anazifanyia nini?" nilimuuliza Priscah kwa simu. Priscah tulitoka naye kijiji kimoja, anafanya vibarua vya usafi huko Riyadh.

"Ni ushahidi. Anaziweka kwa mfuko wa plastiki, anafunga. Mimi amenipa na risiti."

"Risiti imetiwa sahihi na nani?"

"Na yeye."

"Sahihi ile ile?"

"Risper, wewe nawe."

Lakini hebu fikiria. Jina lake liko chini ya kila barua. Uchaguzi unarudi 2027. Mtu akitaka kurudi bungeni, si atazifuta nyayo zake kwanza? Barua zikiingia kwenye huo mfuko wake, nani atajua kama zilifika kortini au zilifika jikoni kwake zikawashia moto? Na mimi nilikuwa na sababu ya kutaka Bonface afungwe kuliko wote. Mdogo wangu Roselyne alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani bure, na Bonface, hata akiwa nje kwa dhamana, alikuwa bado anasalimia wazazi sokoni. Barua yangu ndiyo ilikuwa na mwandiko wake. Sikuwa tayari kumpa mtu aifanye majivu.

Ijumaa iliyofuata akafika Jeddah. Tulikutana mtaa wa Ruwais, kwenye fleti ya mama mmoja Mkenya anayesuka nywele. Alikuja na mpelelezi aitwaye Vincent, kijana mpole mwenye kompyuta. Nilidhani nitamkuta yule mheshimiwa wa vitambaa vya kichwa virefu. Nilimkuta mwanamke amekonda, abaya imemzidi urefu, anaikanyaga akitembea. Sikumhurumia. Nilijiambia hata kukonda mtu anaweza kukupangia.

"Hujambo, Risper? Baba anaendeleaje?"

"Mzima, mheshimiwa."

"Usiniite mheshimiwa. Hiyo iliisha." Akaketi. "Priscah ameniambia barua yako haikuchapishwa. Aliiandika Bonface kwa mkono."

Priscah na domo lake. Nikatoa simu. "Nina picha."

"Picha haitoshi. Wakili wake atasema picha mtu anatengeneza. Kuna mtaalamu wa mwandiko, yeye anataka karatasi yenyewe, auone wino. Zile nyingine zote zimechapishwa, yeyote angeweza kuzichapa. Bila yako hatuna kitu kinachomshika Bonface mwenyewe."

Nikamtazama usoni. "Na sahihi iliyo chini ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Utasema nini kuhusu hiyo?"

Alimtazama Vincent, kisha akatazama mikono yake. "Siwezi kukuambia nitakachosema kortini. Wewe ni shahidi. Shahidi hafundishwi."

Basi hapo nikajua nimemshika. Mtu mwenye jibu safi hulitoa. Huyu anazunguka.

"Ilipotea," nikasema. "Nilipohama Riyadh."

"Una hakika?"

"Halas. Ilipotea."

Alinitazama, na ninaapa alijua. Vincent akaandika maelezo yangu, kwamba nilikuwa na barua ya mkono na ikapotea mwaka wa 2021, akayachapa kwa mashine ndogo aliyobeba, akanipa kalamu. Nikatia sahihi. Jael akaniandikia namba yake kwenye kipande cha karatasi, akasema nikiipata nimpigie saa yoyote. Nilirudi Al-Safa nikijiona mjanja. Roselyne aliponiuliza kwa simu, hata yeye nilimwambia ilipotea, kwa sababu hawezi kuzuia mdomo.

Kesi ilisikizwa miezi mitano baadaye. Priscah ndiye aliyenipigia, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Jael alijitoa," akasema. "Alikwenda kwa wakubwa wake, akaomba mwingine aendeshe kesi, yeye akasimama kama shahidi. Shahidi wa kwanza, Risper. Alisema mbele ya watu kwamba alitia sahihi barua thelathini na mbili siku moja, zikiwa tupu, kwa sababu Bonface alimwambia wasichana wanachelewa basi. Akasema hakusoma hata moja kwa kuwa hakukuwa na cha kusoma. Watu walimzomea."

Niliuliza kuhusu Bonface.

"Wakili wake alisimama akasema, asante, mmesikia nani alidanganya hawa wasichana. Mteja wangu alikuwa anagawa tu barua za serikali. Akawaambia waendesha mashtaka waonyeshe neno moja aliloandika Bonface. Wakakosa. Ameachiliwa. Jael amesimamishwa kazi, na sasa yeye ndiye anafunguliwa faili."

Nilitoa barua chini ya kitambaa. Ilikuwa imepata rangi ya kahawia kwa joto la pasi, lakini kijani cha Bonface kilisomeka vizuri. Niliona haya, haya ya kweli. Huyu mwanamke alikuja mpaka Ruwais kunitafutia haki na kujitafutia aibu kwa safari moja, na mimi nikamwona mwizi.

Nilimpigia.

"Nimeipata," nikasema.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa ubao wa pasi."

"Hata siku ile niliyokuja?"

"Hata siku ile."

Nilingoja anitukane. "Sikulaumu. Ningekuwa wewe, nisingenipa." Kisha akarudi kuwa wakili. Akasema nisimtumie yeye kitu, maana yeye sasa ni mshukiwa, nimtumie Vincent. Akasema rufaa inaweza kuombwa, lakini wakili wa Bonface atachukua maelezo niliyotia sahihi, aniulize ni lini nilidanganya, siku ile au leo. "Tuma tu," akasema. "Itachukua muda." Siku ya pili nikaituma kwa watu wa vifurushi, nikabaki na ile picha kwenye simu.

Jumapili, kabla kifurushi hakijafika, Roselyne akanipigia, furaha imemjaa.

"Nimepata kazi, na ni huko kwako. Jeddah. Usafi wa hospitali, masaa nane."

"Nani amekupa?"

"Bonface."

Nikamwambia yote. Nyumba ya watu kumi na mmoja, pasipoti kabatini, kalamu ya kijani, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini korti ilisema hana makosa," akasema.

"Korti haikuona barua yangu."

"Si uliniambia ilipotea?"

"Nilidanganya."

"Ulinidanganya mimi ama korti?"

"Wote wawili."

Nikamtumia ile picha.

"Hii ni picha tu, Risper. Siku hizi mtu anatengeneza picha kwa simu. Ile yenyewe iko wapi?"

"Iko njiani. Nimemtumia mpelelezi."

"Kwa hivyo huna."

"Roselyne, niamini."

"Wewe uko huko miaka sita," akasema polepole. "Unakula, unavaa, hujarudi. Nikitaka kuja mimi ndipo ghafla kuna shida. Kwa nini hutaki nije?"

Nilitafuta la kumwambia. Kila nililolipata, mimi mwenyewe ningelitilia shaka. Akaniambia nisijali, akishafika tutaongea vizuri, kisha akanitumia barua yake nione kwamba kila kitu ni halali. Imechapishwa, ina muhuri wa kaunti, na chini ina sahihi ya mwakilishi mpya. Ndege yake ni Alhamisi.